Mafaili Yasiyotumika

Programu ninayotumia kurekodia haifuti sauti yoyote mpaka uiamuru. Mwimbaji akikosea mstari, nakata kipande kile, kinatoweka kwenye skrini, tunaendelea. Faili lenyewe linabaki kwenye diski, na jina lake lina tarehe na saa. REAPER inafanya hivyo, na Ardour vilevile. Ni makusudi: ukibadili mawazo kesho, ulichokata unakirudisha.

Gharama yake ni nafasi. Sauti moja ya mono, biti 24 kwa kHz 48, inakula takriban MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ukiimbwa mara kumi, hiyo ni MB 346 kwa sauti moja tu. MP3 anayoondoka nayo msanii kwenye simu haifiki MB 10. Kinachobaki chumbani kwangu hapa Ilagala ni vikohozi, vicheko, “ngoja nianze upya”, jogoo wa jirani na mvua juu ya bati.

Na injini. Hapa kwetu Mto Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, na jioni wavuvi wanatoka kwenda kuwinda dagaa kwa taa. Godoro nililoegemeza ukutani halizuii mlio ule. Kisha mwaka 2024 Serikali ikasimamisha uvuvi ziwani, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Vijana waliozoea kukesha majini wakapata muda wa kuimba, na wengi waliimba kwa mkopo. Rekodi za miezi ile ni safi kuliko zote nilizonazo. Ndizo pia zilizoijaza diski yangu ya GB 256.

REAPER ina amri ya kusafisha folda ya mradi. Inakuorodheshea mafaili ambayo mradi uliofunguliwa hauyahitaji, unachagua, unafuta. Ina mtego mmoja. Nyimbo mbili zikikaa folda moja, mafaili ya wimbo wa pili yanaweza kutajwa kuwa hayatumiki, kwa sababu programu inauangalia mradi uliofunguliwa tu. Ndiyo maana kila wimbo wangu una folda yake. Ardour ina subira zaidi: kwanza inayahamishia pembeni, na hayafutiki kabisa mpaka utoe amri ya pili.

Nilikuwa katika usafi huo, folda baada ya folda, alipokuja mama wa kijana mmoja aliyerekodi kwangu wakati ziwa limefungwa. Ziwa lilipofunguliwa alirudi kazini, na usiku mmoja wa upepo hakurudi nyumbani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wimbo wake ninao kwenye simu. Nataka pale alipokuwa anaongea.”

Folda yake nilikuwa sijaifikia. Ilikuwa na mafaili 23 ambayo wimbo hauyatumii. Katika moja anabishana nami kuhusu neno la kiitikio, anacheka, kisha anauliza saa, maana mama yake amesonga ugali na hapendi kuula umepoa. Mama alisikiliza mara mbili.

“Huyo ndiye,” akasema. “Kwenye wimbo kajikaza sana.”

Kwa kipimo chake programu haikukosea. “Halitumiki” maana yake hakuna mradi unaoliita faili hilo, basi. Haiwezi kujua nani atakuja kulitafuta. Mtu wa Kigoma halishangai jambo hili. Ukishakamua mawese hutupi kokwa, maana ndani yake mna mafuta ya mise, na makapi yanawashia moto.

Lakini siamini kwamba kila kitu kitunzwe. Kipaza sauti kikiwa wazi, watu husema ya ndani: madeni, wake zao, hofu zao. Walikuja kurekodi wimbo, hawakuja kuniachia hayo. Kwa hiyo siku hizi, msanii akishaukubali wimbo, tunakaa pamoja dakika kumi. Vikohozi na ukimya nafuta. Maongezi namuuliza yeye. Akitaka yabaki, nayageuza kuwa Opus ya kbps 64, ambayo haifiki nusu MB kwa dakika, na kwa kuongea tu inatosha kabisa. Nakala moja anaondoka nayo yeye.

Aliyekufa haulizwi. Katika folda ile kuna faili jingine la dakika tatu na nusu, ambamo kijana yule ananieleza deni la nyavu na msichana ambaye kwao hawamjui. Mama yake sikumpa, wala hajui kama lipo. Msichana huyo namwona sokoni, na naye sijamwambia. Linachukua MB 30. Kila nikifanya usafi linatokea kwenye orodha, na kila mara naondoa alama ya kufuta mbele yake, naendelea na mengine.