Wasee, Tuongee Kuhusu Kibofu

Najua si mada ya Ijumaa, lakini nisikize. Mjomba wangu alikojoa damu, ikaisha, akasema amepona. Ikarudi. Duka la dawa alikoenda waliuliza tu analala na nani, wakampa vidonge. Kumbe ni saratani ya kibofu. Mtaani bado wanamcheka, eti "alitoa wapi hiyo kitu?"

Ndio nikaanza kusoma. Na mahali pa kuanzia, amini usiamini, ni mahindi. Yale ya madoadoa. Miaka ya 1940, Barbara McClintock wa Marekani aligundua kuna vipande vya DNA vinavyohama kutoka sehemu moja hadi nyingine, na vikihama punje inabadilika rangi. Wengi hawakumwelewa. Nobel alipewa 1983, ako na miaka 81!

Sisi pia tunavyo. Karibu nusu ya DNA ya binadamu ni mabaki ya vipande hivyo, vingine vikiwa vya virusi vilivyoingia kwa mababu mamilioni ya miaka iliyopita. Vingi haviwezi kuhama tena. Lakini vingine bado vina swichi, na mwili huvifunga kwa alama za kikemikali ili vinyamaze.

Wewe wa Kayole unajua stima ya sambaza. Waya uliokatwa ukibaki ukutani hausumbui mtu. Shida ni siku mtu anaurudishia moto usiku, nyumba ya jirani inawaka na hakuna aliyelipia. Kwenye uvimbe wa kibofu alama zile zinaweza kutoka, kipande kinaamka, na swichi yake inawasha jeni jirani inayosukuma seli zigawanyike. Jeni yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Hapo ndio nilishindwa kulala.

Sasa mniambie, hapo kulala na mtu kunaingia wapi? Kinachojulikana zaidi kuleta saratani hii ni sigara: sumu ya moshi inachujwa na figo, halafu inakaa kwenye mkojo. Huko Kwale na Tana River kuna pia kichocho cha mkojo, ambacho tangu 1994 kimo kwenye orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani.

Mkojo ukiwa mwekundu na hujakula biti ruti, hata kama hauumi, hata kama ni mara moja, nenda hospitali. Wakisema hakuna maambukizi, usirudi nyumbani bado. Uliza kuhusu kamera ya kuangalia ndani ya kibofu.