Mjane, Yatima na Mji wa Kanga

Katika karakana moja ya uchapaji huko Kariakoo nilimkuta fundi ameinamia prufu ya kitabu cha shule, kidole kimetua juu kabisa ya ukurasa. Pale palikuwa na maneno matatu tu, mkia wa aya iliyoanzia ukurasa uliotangulia. "Mzee, mstari huu umeachwa," aliniambia. "Wenzake wamebaki kule." Akarudi kwenye kompyuta, akabana nafasi baina ya maneno, mstari ukapanda ukajiunga na wenzake.

Nikaandika daftarini: mstari ulioachwa. Daftari hilo nasafiri nalo. Kushoto naandika neno la wachapaji wa nchi niliyopita, kulia neno la kwetu. Kwa kosa hili upande wa kushoto ulikuwa umeshajaa. Waingereza na Wafaransa huuita mstari huo mjane, kwa kuwa una ulikotoka ila hauna unakokwenda. Mstari wa kwanza wa aya ukisalia peke yake chini ya ukurasa, huo ni yatima. Wajerumani wana ulimi mkali zaidi: mjane wa wenzao kwao ni mtoto wa kahaba, na yatima ni kijana wa fundi viatu.

Maneno hayo niliyakusanya Mainz, mji wa Gutenberg, ambako miaka ya 1450 ilichapwa Biblia yenye mistari 42 katika kurasa zake nyingi. Wachapaji wa Kijerumani wamejaza kazi yao watu na wanyama. Neno likichapwa mara mbili kwa bahati mbaya, hiyo ni harusi. Neno likirukwa, ni maiti. Enzi za herufi za risasi kila herufi ilikuwa na kijumba chake kwenye sanduku. Mwanafunzi akiirudisha kijumba kisicho chake, siku nyingine huibuka katikati ya neno ikiwa na sura tofauti na wenzake. Herufi hiyo wanaiita samaki wa kitunguu. Nilicheka niliposikia, halafu nikanyamaza kwa wivu. Watu wanaoyapa makosa yao majina namna hii wanaipenda kazi yao.

Na mwanafunzi anapohitimu, hubatizwa. Mwishoni mwa Juni, katika sherehe za usiku wa Yohana, humkalisha juu ya sponji iliyoloa kisha humtumbukiza katika pipa la maji hadharani, na baadaye hupewa cheti chake. Kitendo hicho wanakiita gautschen, neno la watengeneza karatasi wa kale, lenye maana ya kuilaza karatasi mbichi kutoka kwenye chujio juu ya kitambaa cha sufu. Kijana naye analazwa kama karatasi, akikauka ni mtu mzima. Kwetu tungesema ametoka jandoni.

Nikiwa huko ndipo nilipoanza kulitazama upya neno letu wenyewe. Mjerumani akitaja uchapaji, kitenzi chake ni kubana, na ukiiona mashine ya Gutenberg na parafujo lake kubwa la mti unaelewa sababu. Mwarabu yeye anagonga muhuri: matbaa imetoka kwenye mzizi uleule uliotupa neno tabia, yaani kile kilichogongwa ndani ya mtu kikabaki. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alianzisha matbaa iliyochapa vitabu vya Waibadhi, na wazee wa pwani walilijua neno hilo. Lakini lililoshinda ni chapa, lililovuka bahari kutoka India. Ndiyo maana sisi tunapiga. Tunapiga chapa kitabu kama tunavyompiga chapa ng'ombe. Mashine ya ofseti ya leo haipigi chochote, wino unahama kutoka kwenye bamba kwenda kwenye mpira na kutoka kwenye mpira kwenda kwenye karatasi, taratibu kabisa, lakini kitenzi chetu bado kina mkono ulioinuliwa.

Rimu nayo ina safari ndefu. Waarabu waliita rizma, furushi. Wakaipeleka Uhispania pamoja na ufundi wa karatasi, ikapita Ufaransa na Uingereza, ikatufikia sisi kwa Kiingereza, wakati ndugu yake karatasi ilikuja moja kwa moja kwa jahazi. Fundi wa Kariakoo akiagiza "rimu ya themanini" anataja uzito: karatasi hiyo ikitandazwa mita moja ya mraba ina gramu 80. A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita hiyo, kwa hiyo kila karatasi ina gramu tano, na furushi zima la karatasi 500 lina kilo mbili na nusu.

Mgololo, wilayani Mufindi, sikukaa sana. Kiwanda cha huko kinatengeneza karatasi ya krafti, ile ya kahawia ya mifuko ya saruji, kwa nyuzi ndefu za msindano. Krafti kwa Kijerumani ni nguvu. Nilisimama pia chini ya mikaratusi nikisikia jina lake linavyokaribia karatasi, ingawa maneno hayo hayana undugu wowote.

Palipobadilisha mawazo yangu ni Mombasa. Katika Biashara Street, ambako chapa ya kanga ya Kaderdina Hajee Essak, "K.H.E. Mali ya Abdulla", inajulikana kwa vizazi, muuzaji mmoja alinifungulia doti na kunionyesha kwa kiganja: hili linalozunguka ni pindo, hapa katikati ni mji, na maneno haya ni jina la kanga. Nilikuwa nimezunguka Ulaya nikihuzunika kwamba upande wangu wa kulia ni mtupu, kumbe mama zetu wamekuwa wakisoma ukurasa uliochapwa, wakiwa na majina ya kila sehemu yake. Vitabuni pindo la ukurasa tunaambiwa ni pambizo, neno zuri, lakini karakanani sijalisikia.

Niliporudi Kariakoo nilimpelekea fundi kanga ile, nikamweleza sehemu zake kana kwamba hazijui. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akavuta karatasi iliyotoka mashineni, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuilinganisha na nyingine.

"Basi hapa, mzee, mji umesogea," akasema. "Tazama pindo la kulia lilivyokonda."

Akaenda kurekebisha bamba. Mimi nikafungua daftari, nikaandika kulia, chini ya mstari ulioachwa: mji umesogea.