Folda ya Mopao

Butembo, Alhamisi, 11 Julai 2024

Siku ya kumi na mbili tangu tutoke kwetu Kayna. Daftari hili nimepewa na binti wa yaya, ndugu yangu mkubwa. Kurasa za mbele zina hesabu zake za shule, kwa hiyo naanza kuandika kutoka nyuma.

Leo jioni vijana wa pikipiki walikuwa wamezunguka simu moja hapo kituoni, chini ya nyumba ya yaya. Nilidhani ni habari za huko kwetu, nikakimbilia. Kumbe ni mwanamuziki Koffi Olomidé, tunayemwita Mopao, katika mahojiano na Jessy Kabasele kwenye kipindi cha Le Panier cha RTNC, televisheni ya taifa. Ameulizwa juu ya vita vya mashariki, naye akajibu kwamba hakuna vita: vita ni pande mbili kurushiana ngumi, na sisi tunapigwa makofi tu, wanatufanya watakavyo. Akaongeza habari ya askari wetu kupelekwa mbele kwa pikipiki. Sasa baraza la kusimamia vyombo vya habari, CSAC, limemwita Kinshasa ajieleze.

Kituo kiligawanyika pale pale. Mmoja alisema Mopao amelitukana jeshi wakati watoto wa watu wanakufa. Mwingine akasema ametaja anachokiona kila mtu. Mzee mmoja anayeuza mafuta ya pikipiki kwenye chupa alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: «Miaka yote hii alikuwa wapi? Leo ndiyo ameona?»

Nilitaka kusema neno, na nilisema. Niliwaambia kwamba mimi niliwaona askari Kayna, watatu juu ya pikipiki moja, wa nyuma kabisa amelaza bunduki mapajani na mguu mmoja unaning'inia hauna pa kukanyaga. Walikuwa vijana kabisa. Mmoja aliniomba maji nikampa, akanywa nusu, akampa mwenzake nusu. Kwa hiyo hilo la pikipiki mtu asinibishie.

Lakini niliporudi nyumbani nikamsimulia mama mkubwa, alishika neno la kwanza tu, mengine hakuyasikia. Alikuwa anachambua majani ya sombe. Akaacha mikono ndani ya karai, akaniangalia. «Hakuna vita? Basi mimi nimekimbia nini?»

Sikuwa na jibu. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi Ijumaa, 28 Juni. Kesho yake ilikuwa zamu yetu, kisha Kirumba. Mama mkubwa alitembea mpaka Kaseghe, miguu yake ikiwa imevimba, mzigo wake ukiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, ya jirani. Naelewa alichotaka kusema Koffi. Naelewa vizuri. Ila ukiwa na sauti inayofika kila nyumba, lazima ujue kwamba kuna nyumba ambako litasikika neno la kwanza tu.

Jumamosi, 13 Julai

Leo Mopao ametimiza miaka 68. Alizaliwa 13 Julai 1956, Kisangani, kama kumbukumbu zote zinavyosema. Najua siku hiyo kwa sababu kila mwaka kwenye kibanda changu cha kukopia muziki niliweka nyimbo zake tangu asubuhi, na anayeleta kadi ya simu nilimkopia moja bure.

Niandike vile nilivyotoka na kile nilichotoka nacho. Kompyuta niliiacha, betri niliiacha, paneli ya jua sikuweza kuifungua kutoka kwenye bati. Nilichukua diski tu, ile nyeusi, nikaifunga kwa fulana na kuichomeka katikati ya mfuko wa maharage. Miaka kumi na moja ya kazi imo ndani. Gospeli ya Butembo na ya Beni, Franco, Tabu Ley, Mbilia Bel, Wenge zote, na folda moja kubwa kuliko zote niliyoiita MOPAO.

Nani atanielewa nikisema namna gani muziki ule ulitulea? Sisi hatusemi Lingala nyumbani. Tunasema Kiyira, tunasema Kiswahili. Lingala tuliijulia kwa askari na kwa nyimbo, na ile ya askari ilikuwa ya amri. Ile ya Koffi ilikuwa ya mtu anayesema chinichini, karibu na sikio, kama aliyekaa kitandani usiku. Alikwenda Bordeaux kusoma uchumi, akarudi na shahada yake, akaunda Quartier Latin mwaka 1986, akaupoza mwendo wa rumba na kuuita tcha tcho. Fally Ipupa alitoka katika kikosi chake, Ferre Gola alipita humo. Tarehe 19 Februari 2000 alijaza ukumbi wa Bercy kule Paris. Kayna tuliitazama kanda ya onyesho lile kwenye runinga ya jenereta, watu wamesimama mpaka mlangoni, na petroli ilipoisha wakachanga kununua nyingine.

Halafu kuna mabanga. Msikilizaji wa Nairobi au Dar es Salaam husikia majina yakitajwa katikati ya wimbo, akadhani ni maneno ya mapenzi. Ni majina ya wenye fedha, wafanyabiashara, mawaziri, wanajeshi wakubwa, watu wanaotaka kusikika. Yaliwahi kujaa wimbo hadi hadithi yenyewe ikakosa pa kupita. Katika nyimbo nilizokopi miaka kumi na moja sijawahi kusikia libanga la Kayna. Wala la Kirumba. Tulimpenda mtu ambaye hakuwahi kulitaja jina letu, na hata juzi, alipotusema, alisema «mashariki».

Kuna jambo jingine, niliandike kabla sijasahau. Kabla ya mlipuko wetu wa 2018 alikuwa amejipachika jina la Mzee Ebola, akimaanisha kwamba yeye ni hatari. Kisha ugonjwa ukaja Beni na Butembo, ukakaa karibu miaka miwili, ukaua watu karibu 2,300. Nyimbo zenye jina hilo nilizitoa kwenye folda. Hakuna aliyeniambia nizitoe. Nilikuwa na mteja aliyezika watoto wawili.

Jumatatu, 15 Julai

Leo ni siku nzito kuiandika.

Binti wa yaya ana miaka kumi na sita. Anacheza vizuri sana, anawafundisha wenzake uani, na ndoto yake ni Kinshasa. Alikuwa amekaa karibu nasi wakati mjomba na mimi tunaendeleza ubishi: je, Mopao ametusaidia au ametuumiza? Mjomba alisema anayempinga Koffi hamjui. Mimi nilikuwa naanza kumjibu, yule mtoto akauliza: «Tonton, wale wasichana waliokuwa wanamchezea walikuwa na miaka mingapi?»

Mjomba alisema hayo ni mambo ya Wazungu na wivu. Nikaona niseme ninachokijua, chote, bila kuongeza wala kupunguza.

Nilimwambia kwamba wasichana wanne, wachezaji wake wa zamani, walimshtaki Ufaransa. Walisimulia kwamba kati ya 2002 na 2006 waliwekwa katika nyumba karibu na Paris, hawaruhusiwi kutoka ila kwenda studio au kwenye maonyesho. Machi 2019 mahakama ya Nanterre ilimpa miaka miwili ya kifungo cha nje kwa kosa la kingono dhidi ya mmoja wao aliyekuwa na miaka 15 wakati huo. Koffi alikana yote. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles ilimwondolea mashtaka ya kingono, lakini ikamtia hatiani kwa kuwazuia wale wanne, kifungo cha nje cha miezi 18. Nikamwambia pia habari ya Julai 2016, uwanja wa ndege wa Nairobi, alipompiga teke mchezaji wake mbele ya kamera, Kenya ikamfukuza, na Kinshasa akawekwa ndani siku chache.

Akauliza: «Na wewe uliendelea kuuza nyimbo zake?»

Niliendelea. Ndiyo ukweli wenyewe. Video ya Nairobi tuliikopi pia, watu wakailipia franga mia tano, wakacheka. Nilicheka nao. Wakati wa hukumu ya Versailles sikumbuki ubishi hata mmoja kibandani kwangu. Kila mtu alikuwa bado anataka ule wimbo aliofanya na Diamond Platnumz mwaka 2020, na mimi nilifurahi kwamba Tanzania imemrudisha mzee wetu midomoni mwa vijana.

Sasa najiuliza kwa uchungu. Juu ya neno «vita» kituo kizima kimesimama, mama mkubwa ameacha sombe, serikali imeita watu. Juu ya wale wasichana wanne tulinyamaza miaka mingi. Tulimpimia kwa vibaba viwili. La jeshi lilitugusa kwa sababu ni letu. La wasichana tuliliona la nani? Huyu anayecheza uani ni wa nani?

Mjomba alikasirika, akaenda kulala bila kula. Asubuhi nitamwomba radhi kwa sauti niliyoitumia, si kwa nilichokisema.

Ijumaa, 19 Julai

Tumepatana na mjomba. Alinipa kiti, akanimiminia kasiksi, pombe ya ndizi, akaanza yeye mwenyewe.

Habari ni kwamba Jessy Kabasele, yule mwandishi, alisimamishwa kazi, kisha wiki hii akashikwa na kuachiliwa. Mjomba na mimi hatukubishana hata kidogo juu ya hilo. Mtu aliuliza swali, akasikiliza jibu. Kama jibu lina kosa, jibuni jibu.

Mjomba ni mtu wa Franco. Aliniambia vijana wanadhani mwanamuziki kuitwa na serikali ni jambo jipya. Franco alitiwa gerezani 1978 kwa nyimbo zilizoitwa chafu, na 1984 huyo huyo akaimba kumpigia kampeni Mobutu. Huwezi kuchukua Franco mmoja ukamwacha mwingine, anasema, ni mtu mmoja aliyezikwa 1989. Nilimjibu kwamba hilo ndilo nililokuwa nasema Jumatatu. Akakubali kwa kichwa, polepole. Kwa mjomba hiyo ni nyingi.

Kisha alinikumbusha wale combattants, ndugu zetu wa Ulaya. Miaka zaidi ya kumi waliwazuia wanamuziki wa Kinshasa kupiga Paris na Brussels, wakiwashtaki kwamba wanaimba majina ya wakubwa na kunyamaza juu ya damu ya mashariki. Fally alipoingia Bercy Februari 2020, moto uliwashwa karibu na Gare de Lyon. Mmoja wa wale walioitwa wanyamavu amefungua mdomo sasa, na kwa kusema ameitwa pia. Mjomba anaona ni dhuluma. Mimi naona hivyo pia, ila nasikitika kwamba aliyefungua mdomo si mtu aliyekuja hata siku moja kukaa na watu wa Kanyabayonga. Angekuja, hata kwa siku mbili, angelichagua lile neno la kwanza vingine.

Tena kuna wale askari. Mwanzoni mwa mwezi huu mahakama ya kijeshi ya Butembo ilikaa Alimbongo, ikawahukumu askari 25 kifo kwa kumkimbia adui na kwa wizi. Tangu nisikie, namfikiria yule aliyeniomba maji. Sijui jina lake. Kama alikimbia, alikimbia siku ile ile niliyokimbia mimi, kwa njia ile ile.

Jumapili, 4 Agosti

Radio Okapi imesema usitishaji mapigano uliokubaliwa Luanda unaanza leo. Ule wa kwanza, ulioanza 5 Julai, ulikuwa wa wiki mbili, ukaongezwa wiki mbili nyingine. Mama mkubwa ameuliza kama sasa tunaweza kurudi kuchimba viazi. Nimemwambia tungoje.

Shemeji amenipatia kompyuta ya kazini kwake, ya zamani, inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Nimeweka meza chini ya kibaraza, na diski imewaka! Kila kitu kimo. Nimekaa nikitazama majina ya mafolda kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari.

MOPAO sikuifuta. Nilifikiri wiki mbili, nikaona nikifuta nitakuwa namdanganya yule mtoto, kana kwamba sikuuza kamwe. Nimeiacha mahali pake, ila siitangazi na siipigi kwenye spika. Anayeitaka ataitaja mwenyewe, na akiuliza nitamsimulia nilivyomsimulia binti wa yaya, kwa miaka na mahakama zake.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kirumba, ana mtoto mgongoni na kadi ya giga nne mkononi. Mume wake hajulikani alipo tangu Juni. Alisema mume alimpenda Koffi, kwa hiyo nimwekee wimbo wa Koffi mmoja tu, ule wa harusi yao. Hakujua jina. Aliuimba kidogo, chinichini, akakosea maneno kwa sababu Lingala si lugha yake, na mtoto mgongoni akageuza kichwa.

Nikatafuta. Ulikuwa wa tatu kutoka chini. Nilisahau yote niliyokuwa nimepanga kumsimulia, nikauweka, nikamwuliza nyingine niweke zipi, maana nafasi imebaki kubwa. Akasema niiache wazi. Akipigwa simu na mtu yeyote aliyemwona mume wake, atataka atumiwe picha.