Mtumishi wa Maktaba Naye Apashwe Habari

Mama mwenye nyumba anayealika wageni bila kumwarifu mpishi hujiaibisha mwenyewe. Wageni watafika, chungu hakijainjikwa, na lawama zitamwangukia yule asiyeambiwa kitu. Maktaba nayo ni nyumba ya namna hiyo. Msomaji aingiapo hamkuti mkuu wa maktaba. Humkuta mlinzi mlangoni, kisha mhudumu wa mezani. Hao ndio huulizwa kwa nini chumba cha magazeti kimefungwa, na kesho mlango utafunguliwa saa ngapi.

Inasikitisha kumwona mtumishi akisoma ubaoni tangazo la kufungwa kwa maktaba yake, bega kwa bega na msomaji aliyekuja kumwuliza. Heshima yake hupungua, na muda wa msomaji hupotea. Bwana S. R. Ranganathan, mkutubi mashuhuri wa India, alipotoa sheria zake tano za ukutubi mwaka 1931, ya nne ilihusu jambo hilo hilo: kuokoa muda wa msomaji. Nani atauokoa, ikiwa aliye mezani hana habari?

Uzito wa jambo hili ulidhihirika London. Tarehe 28 Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mitambo ya kompyuta ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Tovuti na katalogi vilizimika. Vyumba vya kusomea viliendelea kuwa wazi, lakini kazi nyingi zilizozoea mashine zilirudi mikononi mwa watu. Wahalifu walidai fidia, maktaba haikulipa. Nao mwezi Novemba wakazitoa hadharani taarifa walizoziiba. Miongoni mwake zilikuwamo taarifa binafsi za watumishi wenyewe. Katalogi ilirejea Januari 2024, na mwezi Machi maktaba ikachapisha ripoti iliyoeleza yaliyotokea na mafunzo yake, ili maktaba nyingine nazo zijihadhari.

Basi habari ya kazini si hisani ya mkubwa kwa mdogo. Yaweza kugusa mshahara wa mtumishi, usalama wake, hata jina lake. Wakubwa wengine hunyamaza wakidhani wanazuia hofu. Kumbe kimya huzaa uvumi, na uvumi hutoka mlangoni kabla barua rasmi haijapigwa muhuri.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Dakika 10 za mazungumzo kila asubuhi kabla ya kufungua mlango zatosha. Pawepo daftari la matukio mezani, ili zamu ya jioni isome yaliyoachwa na zamu ya asubuhi. Maamuzi ya mkutano yamfikie kila mmoja, pamoja na tarishi na mfagizi. Na asiyesoma vizuri, asomewe. Nambari za simu za watumishi ziandikwe pia karatasini, kwa maana mitambo yaweza kuzimika siku ile ile inapohitajika. Siri ya mtu binafsi ihifadhiwe. Lakini jambo lisilo na jibu bado, mkuu aseme wazi kwamba halijajulikana, na siku atakayolieleza aitaje na kuitimiza.

Kazi ya maktaba ni kuwapatia watu maarifa. Itakuwa ajabu ikiwa wale wanaoyagawa ndio watakuwa wa mwisho kujua yanayotendeka chini ya paa lao wenyewe.