Binti wa Ibrahimu Katika Taarifa

Katika ofisi za Kanisa siku hizi tunaandika karibu kuliko tunavyohubiri: taarifa za robo mwaka, maombi ya fedha, matangazo, ujumbe wa simu. Karibu kila karatasi inamtaja mtu ambaye hataisoma.

Huku kwetu Bariadi jambo hili si la darasani tu. Usukumani, tangu Simiyu haijamegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, bibi wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi ni macho mekundu. Miti ni michache. Bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe kikavu miaka hamsini, na moshi umemharibu macho. Hakuna siri nyingine.

Wafadhili wa mradi mmoja wa kuwalinda wazee waliomba picha. Walitaka uso, jina na kijiji, na chini yake maneno "mtuhumiwa wa uchawi". Fomu ya ridhaa ilikuja kwa Kiswahili, wino wa kidole gumba ukiwa tayari. Bibi anasema Kisukuma. Tulimsomea yote kwa lugha yake, pamoja na lile neno. Akauliza picha itakaa wapi. Tukamwambia, kwenye mtandao. Akasema vijana wa kijijini nao wana simu. Basi, tukapeleka picha ya mikono yake ikipalilia pamba, na maelezo kwamba ni mkulima na msharika wetu. Tuliambiwa picha hiyo haitavuta michango. Huenda ni kweli.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nasi tunaishukuru. Lakini sheria huuliza kama mtu amekubali. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anaidai zaidi Amri ya Nane: haitoshi kutomsingizia jirani, yatupasa kumtetea na kumnenea mema. Taarifa yaweza kuwa ya kweli kila mstari na bado ikamvunja mtu.

Someni Luka 13. Mkuu wa sinagogi alikuwa na tangazo rasmi kuhusu siku sita za kazi. Angalieni alimwambia nani: makutano. Mama aliyepinda mgongo miaka kumi na minane yuko pale pale, wala hakuambiwa neno. Yesu alikuwa amemwita na kusema naye mwenyewe. Kisha mbele ya wote akamtaja kuwa binti wa Ibrahimu. Hakumtaja kwa ugonjwa wake.

Sisi tumerithi neno "walengwa". Anayelengwa, kwa mzee wa Kisukuma aliyewahi kushika upinde, ni mnyama. Katika kikao chetu mzee mmoja wa kanisa alipendekeza tuandike "ndugu". Mhasibu akasema fomu haina nafasi hiyo, na taarifa ya robo hii bado iko mezani.