Vipele vya Mdogo Wangu

Mwezi wa Agosti 2024 nilikuwa likizoni nyumbani Gisenyi. Maradhi ya mpox yalikuwa yametangazwa Rwanda mwezi wa Julai, na Goma, ng'ambo ya mpaka tu, tulisikia wagonjwa ni wengi. Basi mdogo wangu alipoamka na homa na vipele kifuani, nilichukua godoro langu nikaenda kulala jikoni.

Mama alimpeleka kituo cha afya. Mwuguzi alimtazama viganja, nyayo na tezi za shingoni. Hapakuwa na kitu. Vipele vilianzia kiwiliwili, viliwasha sana, tena vilitoka kwa zamu: vingine vyekundu, vingine vyenye maji, vingine vimekwisha kauka. Vya mpox mara nyingi hulingana. Hata hivyo alichukua kipimo, kwa maana macho hudanganya. Jawabu likaja: tetekuwanga.

Mama alimkata kucha, akamwogesha maji ya uvuguvugu bila kumsugua, akampaka dawa ya kalamini. Kwa homa alimpa parasetamoli. Aspirini ilikatazwa, kwani huweza kumdhuru mtoto ini na ubongo. Alikaa ndani mpaka kila kipele kikafanya gamba.

Siku ya 15 nami nikawashwa. Kukimbia hakukunifaa, maana tetekuwanga huambukiza hata siku 2 kabla ya vipele kutokea. Tena mtu mzima huugua zaidi kuliko mtoto. Aliyeketi kando yangu usiku na kitambaa cha maji ni yule yule niliyemkimbia.

Ndugu wasomaji, jihadharini na ugonjwa, lakini mgonjwa msimtupe.