Laki sita mkononi

Wadau, nipo nyumbani Tukuyu. Mvua imetufungia ndani kutwa nzima, na wenyeji mnajua mvua ya huku haiulizi mwezi. Jana jioni mama mmoja jirani, anauza parachichi na ndizi sokoni, alikuja na kijana wake. "Mwanangu, huyu kachaguliwa Mlimani. Mfundishe Dar, wewe ndiye uliyetangulia." Akamwacha hapo sebuleni, akaingia jikoni kwa mama yangu.

Nikaanza na hela, maana ndipo tunapoangukia wengi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi kwa anayepata mkopo wote wa Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku (kabla ya hapo ilikuwa 8,500), na inatoka kwa mkupuo wa kama miezi miwili. Piga hesabu: siku 60, laki sita. Huyu kijana hajawahi kushika hata laki moja iliyo yake. Bumu langu la kwanza mimi lilikwisha siku ya 23. Simu mpya, viatu, chipsi kuku, na kukopesha watu ambao mpaka leo sijui wako wapi. Siku zilizobaki nilikula ugali maharage mara moja kwa siku na kunywa maji mengi. Nikamwambia likiingia alipie kitanda kwanza, kisha la chakula aligawe kwa wiki. Na asije akadhani ni zawadi: akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Mimi bado nakatwa, jamani!

Mengine nikayapitia haraka haraka. Basi haliishii Ubungo tena, tangu 2021 ni Mbezi Luis. Akikosa kitanda asione aibu kubebwa na mtu wa nyumbani. Mimi nililala mzungu wa nne muhula mzima na jamaa wa Kyela anayekoroma kama trekta.

Kijana anaandika tu kwenye daftari. Halafu akaacha kuandika. "Kaka, nikifeli nitamwambiaje mama?"

Hapo nikakwama. Mwaka wangu wa kwanza nilipata sapu mbili na sikumwambia mtu nyumbani. Likizo niliikatisha, nikaaga kuwa nakwenda kwenye semina, kumbe narudi kufanya mitihani. Mama alinifungia ndizi za kuchoma za njiani, sikuweza kuzila, zikafika Dar zimekauka. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa Kiwira. Alinisikia nikiongea Kinyakyusa kwenye simu pale ngazi za maktaba, akaniuliza nalilia nini. Akanipa madaftari yake, na jioni kadhaa akakaa na mimi mpaka nikaelewa. Ningemkosa yule ningedisko, nina hakika.

Yote hayo nikamweleza kijana kwa sauti ya chini. Ila nyumba zetu mnazijua, ukuta wa jikoni haufiki juu. Nikasikia vyombo vimenyamaza. Mama akatokea mlangoni na mwiko wake.

"Kumbe ndiyo ile semina."

Sikuwa na la kujibu. Miaka yote hii!

"Nilijua si semina. Ulikuwa umekonda. Nikadhani unaumwa ugonjwa mbaya, unatuficha. Nikaogopa kuuliza." Akaniangalia kidogo, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Usiku kucha nimekuwa nikiwaza hilo neno, kwamba na yeye alikuwa anaogopa.

Kutoka jikoni, mama wa kijana akapaza sauti: "Hiyo sapu ni kitu gani?"

Kijana akafunga daftari, akainuka kwenda kumweleza.